Ubongo Mdogo wa Kisogoni na Usawa wa Usemi

Neno bodaboda, ambalo leo linasikika kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, lilizaliwa hapa Busia. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walianza kuwavusha watu na mizigo kati ya lango la Uganda na lango la Kenya, wakiwaita wateja kwa jina la mpaka lililokwisha kusawahilishwa: boda, boda. Neno hilo limeandikwa vya kutosha na wanaleksia, nasi hatukusudii kuongeza chochote kuhusu asili yake. Kinachotushughulisha katika makala hii ni jambo lisiloelezwa sana. Kijana anayeendesha baiskeli nzito akiwa na abiria nyuma na gunia la mahindi juu ya usukani hafikirii usawa wake hata kidogo. Anazungumza na abiria, anakwepa lori, anamsalimu mwenzake, na baiskeli haianguki. Ni nini ndani ya kichwa chake kinachoifanya kazi hiyo? Jibu ni serebelamu, yaani ubongo mdogo ulio kisogoni. Kiungo hichohicho ndicho kinachomwezesha mwanafunzi wetu kutamka "tumekwishafahamiana" kwa pumzi moja bila kukwaa.

Vitabu vya fonetiki tunavyovitumia huanza kueleza utamkaji kutoka mapafuni. Hewa inapanda, inapita kwenye nyuzi za sauti, inafika kinywani, ulimi na midomo vinaizuia au kuiachilia, na sauti inatokea. Michoro ya alasauti huonyesha koo, kaakaa, ufizi na meno, halafu inakomea hapo, kana kwamba ulimi unajiamuru wenyewe. Kwa mwalimu wa lugha upungufu huu si wa kinadharia tu. Katika wilaya zetu, kutoka Busia hadi Tororo, wapo wanafunzi ambao ulimi wao hauna kasoro, masikio yao yanasikia vizuri na sarufi wanaijua, lakini usemi wao unayumba. Aghalabu mwalimu asiyejua chanzo humwita mwanafunzi huyo mvivu, au hunusa kinywa chake akitafuta harufu ya pombe.

Jina na mahali pake

Tuanze na istilahi, maana ndiyo kazi yetu. Jina la Kilatini la kiungo hiki ni umbo la udogo la neno linalomaanisha ubongo. Kwa kanuni za Kiswahili mtu angetarajia tuseme "kibongo", lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa: jambo la kibongo ni jambo la Tanzania, Bongo yenyewe ikiwa imepewa jina hilo kwa kuwa wanaoishi huko wanasemekana hawana budi kutumia akili. "Kijibongo" nalo lina dharau ndani yake. Wapo wanaopendelea "ubongo wa nyuma", ila istilahi hiyo inapotosha, kwa sababu ubongo wa nyuma kianatomia unajumuisha pia ponsi na medula, na hata ubongo mkubwa una sehemu yake iliyo nyuma, ile inayoshughulikia kuona. Tunaona "ubongo mdogo" linatosha kwa mazungumzo ya darasani, na "serebelamu" kwa maandishi ya kitaaluma. Katika makala hii tutayatumia yote mawili.

Mahali pake ni rahisi kupaonyesha. Weka kiganja kisogoni, pale shingo inapokutana na fuvu. Nyuma ya mfupa huo, chini ya ubongo mkubwa na nyuma ya shina la ubongo, ndipo ulipo. Una uzito wa takribani gramu 150 kwa mtu mzima, yaani kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Umeshikamanishwa na shina la ubongo kwa vikonyo vitatu kila upande, na humo ndimo habari zote zinamoingia na kutoka. Una pande mbili, wa kulia na wa kushoto, na katikati kuna ukanda mwembamba ambao wanaanatomia waliupa jina la Kilatini la mnyoo, kwa kuwa una pingili. Ukanda huo wa katikati unahusika zaidi na kiwiliwili, mwendo na macho; pande mbili zinahusika zaidi na mikono na miguu; na kijisehemu cha chini kabisa kinashirikiana na sikio la ndani katika kuhifadhi msimamo wa kichwa.

Juu yake haukukunjwa kwa mikunjo minene kama ubongo mkubwa. Una mistari myembamba iliyobanana, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ukikatwa katikati, mikunjo hiyo inaonyesha matawi meupe yaliyotandaa ndani ya rangi ya kijivu, mandhari ambayo wanaanatomia wa zamani waliiita mti wa uhai. Ni jina zuri. Kukunjwa huku kuna faida yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba gamba la ubongo mdogo likikunjuliwa lote lina eneo linalokaribia asilimia 80 ya eneo la gamba la ubongo mkubwa. Kuhusu idadi ya seli, mshangao ni mkubwa zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Brazili walihesabu seli za neva katika ubongo wa binadamu wakapata kama bilioni 86, na kati ya hizo takribani bilioni 69 zilikuwa katika serebelamu. Udogo wake basi ni wa umbo tu.

Gamba lenyewe lina tabaka tatu. Tabaka la chini limejaa seli ndogo mno zinazofanana na chembe za uwele, na hizo ndizo zinazofanya idadi iwe kubwa hivyo. Tabaka la kati lina mstari mmoja wa seli kubwa zinazoitwa seli za Purkinje, kwa jina la mwanasayansi wa Kicheki aliyezieleza mwaka 1837. Kila seli ya Purkinje hutandaza matawi yake katika tabaka la juu kama mkwaju uliobanwa kati ya vioo viwili, na hupokea habari kutoka kwa nyuzi zaidi ya laki moja zinazopita humo. Lakini hupokea pia uzi mmoja tu wa aina nyingine, wenye nguvu sana, unaopanda na kujizungusha kwenye matawi yake kama mmea utambaao. Tofauti hii kati ya nyuzi laki moja na uzi mmoja tutairejelea, kwa sababu ndani yake kuna siri ya kujifunza. Seli za Purkinje zenyewe hazitoi amri ya kutenda. Kazi yao ni kuzuia: hutuliza viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo mdogo, na viini hivyo ndivyo vinavyopeleka ujumbe nje.

Jambo la mwisho kuhusu ramani yake ni la kuwaonya wanafunzi wa isimu waliozoea kusikia kwamba ubongo wa kushoto huongoza mkono wa kulia. Hapa sivyo. Ubongo mdogo wa kulia unahusika na mkono wa kulia, kwa sababu njia zake zinavuka upande mara mbili. Nao ubongo mdogo wa kulia unawasiliana na ubongo mkubwa wa kushoto, ambamo kwa watu wengi ndimo lugha inamokaa.

Karani wa forodha

Mwaka 1824 Mfaransa Flourens alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa njiwa na wanyama wengine. Alipoondoa serebelamu njiwa hakupooza. Mabawa yalipiga, miguu ilisogea, lakini kuruka na kutembea kulikosa mpangilio. Karibu miaka mia moja baadaye, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari wa Uingereza Gordon Holmes aliwachunguza askari waliopigwa risasi kisogoni. Naye aliona hivyohivyo: nguvu ipo, nia ipo, lakini mkono unaonyooshwa kuchukua kikombe unapita, unarudi, unatetemeka kadiri unavyokaribia. Mgonjwa wake mmoja alimweleza kwamba mkono mmoja ulifanya kazi wenyewe, ilhali ule ulioathirika ilimlazimu aufikirie kila hatua. Hatujui maelezo mafupi zaidi ya haya kuhusu kazi ya serebelamu.

Kwa msomaji wa Busia mfano ulio karibu ni wa karani wa forodha. Lori linapofika mpakani lina hati zinazosema limebeba nini, na lina shehena yenyewe. Karani hamiliki mali, wala haendeshi lori. Kazi yake ni kulinganisha hati na shehena na kusema mapema pale visipopatana. Vivyo hivyo, ubongo mkubwa unapotuma amri kwa misuli, nakala ya amri hiyo hupelekwa kwenye ubongo mdogo. Papo hapo, misuli, viungo, macho na sikio la ndani huleta taarifa ya kile kinachotendeka kweli. Ubongo mdogo hulinganisha. Amri ilisema mguu usukume pedali hivi. Abiria ameinama kushoto. Basi usukani ugeuzwe kidogo kabla baiskeli haijalala. Haya hutendeka kwa sehemu ndogo ya sekunde, wala mwendeshaji hana habari. Mfano wetu una upungufu mmoja: karani huyu hangoji lori lifike. Amelizoea kiasi kwamba anatabiri shehena yake likiwa bado liko njiani. Ndiyo maana baiskeli husahihishwa kabla kosa halijawa kubwa.

Na anapokosea utabiri? Hapo ndipo ule uzi mmoja unaopanda unapoingia. Nadharia iliyotolewa na Marr mwaka 1969 na Albus mwaka 1971, na kuendelezwa na Mjapani Masao Ito, inasema kwamba uzi huo huleta habari ya kosa. Kila unapopiga, zile nyuzi nyingi zilizokuwa zikizungumza wakati huohuo hubadilishwa nguvu zao. Kosa likirudiwa, badiliko linaongezeka, mpaka kosa linapotea. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sehemu za nadharia hii, lakini kwamba ubongo mdogo hujifunza kwa makosa hakuna anayelipinga kwa uzito. Anayejifunza baiskeli huanguka, na kuanguka huko ndiyo masomo yenyewe.

Ni vizuri kutofautisha udhaifu wa misuli na ukosefu wa mpangilio, na Busia inatupa mfano hai. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao walioupata kwa polio utotoni, wamekuwa wakisafirisha bidhaa kuvuka mpaka kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Polio huharibu seli za neva katika uti wa mgongo, zile zinazoamuru misuli moja kwa moja. Mguu unakosa nguvu na kukonda. Serebelamu ya mtu huyo ni nzima, na anayemtazama akigeuza chombo chenye mifuko ya saruji katikati ya malori ataona ustadi ambao wengi wenye miguu hawana. Mwenye serebelamu iliyoumia yuko kinyume chake: misuli imejaa, nguvu zipo, lakini anatembea miguu ikiwa imeachanishwa, akipepesuka. Wa kwanza watu humwelewa na kumpisha. Wa pili humcheka.

Usemi unaopimwa mizani

Kutamka ni mwendo, tena mwendo wa kasi na wa viungo vingi kuliko kuendesha baiskeli. Ili kusema neno fupi kama "mpaka", midomo inafungwa, sauti inapita puani, midomo inaachia, ulimi wa nyuma unapanda na kushuka, nyuzi za sauti zinazimwa na kuwashwa, na kifua kinapima hewa. Kila kimoja kina wakati wake. Kikichelewa kidogo, silabi inapotea au inarefuka.

Daktari Mfaransa Charcot, katika karne ya 19, aliwaeleza wagonjwa wa neva ambao usemi wao ulikatika silabi kwa silabi, kila silabi ikipewa uzito uleule. Jina alilolipa hali hiyo alilichukua kutoka katika elimu ya ushairi: ni usemi wa kupima mizani. Sisi tunaofundisha arudhi tunalielewa jina hilo mara moja. Ni kama mwanafunzi anayehesabu mizani kwa vidole: tu-me-kwi-sha-fi-ka. Tatizo ni kwamba Kiswahili hakisemwi hivyo. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi nyingine hupita haraka. Mkazo ukisawazishwa kila mahali, masikio ya msikilizaji yanapoteza mipaka ya maneno. Nyakati nyingine hali huwa kinyume: silabi moja inalipuka kwa sauti kubwa, inayofuata inazama, na kiimbo cha swali kinasikika mahali pasipo na swali.

Kiswahili kina majina ya hitilafu kadhaa za usemi. Tuna kigugumizi, tuna kithembe, tuna bubu. Hitilafu hii ya serebelamu haina jina lililozoeleka. Watu husema tu kwamba fulani anaongea kilevi. Kukosekana kwa jina kumekuwa na gharama, kwa sababu jina lililopo ni la lawama. Tunapendekeza "usemi wa kuyumba", na tungefurahi wasomaji wakitupatia lililo bora.

Wataalamu wa usemi wana jaribio rahisi ambalo mwalimu anaweza kulielewa hata kama si kazi yake kupima ugonjwa. Mtu huombwa kurudia pa-pa-pa kwa kasi, kisha ta-ta-ta, kisha ka-ka-ka, na mwishowe pa-ta-ka, pa-ta-ka, pa-ta-ka. Sauti hizi tatu tunazijua: moja ya midomo, moja ya ufizi, moja ya kaakaa laini. Mwenye serebelamu nzima hupata mdundo ulio sawa. Mwenye kuumia hupunguza kasi, na mdundo wake hauna mpango: mara haraka, mara polepole. Mwenye kithembe, kwa upande wake, anaweza kukosea sauti fulani, lakini mdundo wake uko sawa. Na mwenye afasia, ambaye kidonda chake kiko katika ubongo mkubwa, huenda akatamka vizuri ila akakosa neno au akavuruga sentensi. Mwenye usemi wa kuyumba maneno anayo yote, na mpangilio wa sentensi zake ni sahihi. Mpe kalamu uone: herufi zitakuwa kubwa, zisizolingana, zikipanda na kushuka mstarini, lakini sentensi itakuwa imekamilika, upatanisho wa ngeli ukiwa mahali pake.

Kuna hoja nyingine inayowahusu walimu wa lugha ya pili, na hapa tunatembea kwa uangalifu zaidi. Watoto wengi wa eneo hili hukuta Kiswahili darasani baada ya Kisamia, Kikhayo, Kiteso au Kidhopadhola. Kiteso, kwa mfano, hakina sauti asilia za /f/ na /v/. Mtoto wa Kiteso anayejifunza kusema "vifaranga" anaulazimisha mdomo wake kufanya mwendo ambao haujawahi kuufanya, na kila jaribio linatoa kosa linalosikika. Majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba mtu akivalishwa visikilizio vinavyobadilisha kidogo irabu yake mwenyewe, baada ya muda huanza kuitamka kwa namna ya kufidia badiliko hilo bila kujua. Wagonjwa wa serebelamu hufanya fidia hiyo kwa kiwango kidogo. Tunaona hapa sababu ya kimwili ya jambo ambalo walimu wazuri wamelijua siku zote, kwamba mazoezi mafupi ya kutamka yanayorudiwa, mwanafunzi akisikia kosa lake papo hapo, yanafaa kuliko mhadhara kuhusu mahali pa matamshi. Ulimi haujifunzi kwa kuelezwa.

Je, ubongo mdogo unashiriki katika lugha yenyewe, au katika utamkaji pekee? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa utamkaji pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliwapa watu nomino na kuwataka wataje kitenzi kinachofaa, kwa mfano "keki" na "kula", huku picha za ubongo zikipigwa. Serebelamu ya kulia iliwaka hata baada ya kuondoa hesabu ya kutamka. Mwaka 1998 Schmahmann na Sherman walieleza wagonjwa wa serebelamu ambao, pamoja na kuyumba, walipungukiwa na upangaji wa mawazo, ufasaha wa kutaja maneno na udhibiti wa hisia. Aidha, madaktari wanajua kwamba baadhi ya watoto wanaotolewa uvimbe katika eneo hilo hunyamaza kabisa kwa siku au miezi, kisha usemi hurudi ukiwa wa kuyumba. Kwa upande mwingine, mwaka 2014 iliripotiwa kutoka China habari ya mwanamke wa miaka 24 aliyezaliwa bila serebelamu: alisema maneno ya kueleweka akiwa na miaka 6, akatembea peke yake akiwa na 7, na utu uzimani alikuwa na upungufu wa wastani tu. Ubongo wa mtoto unajua kutafuta njia za panya. Kwa hiyo tunaamini kuwa kiungo hiki kinaisaidia lugha, lakini hatuungi mkono wale wanaokimbilia kuuza mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja kama dawa ya kusoma.

Yanayouumiza hapa kwetu

Malaria ni ya kwanza kutajwa. Tororo imekuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa sana duniani kuhusu ugonjwa huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mtu mmoja hapo aliumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka. Vyandarua, na unyunyiziaji wa dawa majumbani ulioanza Tororo Desemba 2014, viliteremsha maambukizi sana, ingawa baada ya 2020 yalipanda tena. Malaria inayopanda kichwani inaweza kumwacha mtoto na kifafa, udhaifu wa upande mmoja, kuyumba, au hitilafu ya usemi na lugha. Watafiti wa Kilifi walilifuatilia jambo hili kwa watoto wa pwani katika miaka ya 2000, na wenzao wa Kampala walionyesha mwaka 2008 kwamba takribani mtoto mmoja kati ya wanne waliougua malaria ya ubongo alikuwa bado na upungufu wa kiakili miaka miwili baadaye. Si kila upungufu huo hutokana na serebelamu. Ugonjwa huu hauchagui sehemu moja. Lakini ipo hali moja, iliyoelezwa hasa Sri Lanka tangu miaka ya 1980, ambapo homa imekwisha, vimelea vimeondoka, na siku au wiki kadhaa baadaye mtu anaanza kupepesuka na kusema kilevi. Kwa kawaida hupona kabisa ndani ya miezi michache. Fikiria mwanafunzi huyo akifukuzwa shule katika wiki hizo.

Pombe haina haja ya maelezo marefu. Ulevi wa usiku mmoja huvuruga serebelamu kwa muda, ndiyo sababu askari humwambia mshukiwa atembee juu ya mstari. Chang'aa na waragi vikinywewa kwa miaka hudhoofisha hasa ule ukanda wa katikati, na mwendo huharibika hata siku ambayo mtu hajaonja.

Ajali za pikipiki zimechukua nafasi ambayo baiskeli hazikuwahi kuwa nayo. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na tangu hapo barabara zetu zimejaa. Anayeangukia kisogo bila kofia ngumu anakihatarisha kiungo chenyewe kinachomwezesha kuendesha.

Linalosahaulika kabisa ni dawa za kifafa. Fenitoini, ambayo hutolewa sana katika zahanati, ikizidi mwilini huleta kuyumba, macho kuchezacheza na usemi mzito. Mwanafunzi mwenye kifafa ambaye ghafla ameanza kusema kilevi huenda dozi yake imepita kiasi, au ameongezewa dawa nyingine inayoingiliana nayo. Asiache dawa kwa amri ya mwalimu, kwani kifafa kinaweza kurudi kwa ukali. Arudishwe kliniki dozi ipimwe. Na ikiwa mtu yeyote, mkubwa au mdogo, ameshikwa ghafla na kizunguzungu kikali, kutapika, kuumwa kichwa na kushindwa kusimama, hilo si la kungoja kesho. Serebelamu ikivimba hubana shina la ubongo linaloongoza pumzi.

Darasani

Mtaala mpya wa sekondari ulioanza Uganda mwaka 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika S1 na S2, na upande wa Kenya kusikiliza na kuzungumza ni stadi inayopimwa tangu madarasa ya chini. Maana yake ni kwamba wanafunzi wengi zaidi kuliko zamani watasimama mbele ya mwalimu wa Kiswahili na kupewa alama kwa jinsi wanavyosema. Katika idara yetu tumekuwa tukiwashauri walimu wanafunzi watenge alama za maudhui na sarufi mbali na alama za matamshi na ufasaha, ili mwenye usemi wa kuyumba asipoteze zote kwa pigo moja. Tumewashauri pia wampe muda. Kumhimiza aseme haraka ni kumwongezea mzigo baiskeli ikiwa tayari imeinama; akisema polepole, kwa sentensi fupi, akipumua kati yake, hueleweka zaidi. Asilazimishwe kusoma kwa sauti katika kundi linalosoma kwa mdundo mmoja, wala mwandiko wake mbaya usihesabiwe kuwa uchafu.

Mwalimu hatoi jina la ugonjwa. Anachoweza kufanya, na ambacho mhudumu wa afya hawezi kukifanya, ni kueleza usemi wa mtoto ulivyokuwa kabla. Kenya ina vituo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu vilivyoanzishwa tangu mwaka 1984. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wataalamu wa usemi na lugha mwaka 2008, ingawa bado ni wachache na wengi wako mjini. Barua inayompeleka mtoto huko iandikwe na mtu anayejua fonetiki: hitilafu ilianza lini, ghafla au polepole, je, kulikuwa na homa, kuanguka, au dawa mpya, ni sauti fulani zinazokosewa au ni mdundo wote, mkazo unaangukia wapi, mwandiko umebadilika, anatembeaje anapotoka darasani. Rekodi fupi ya simu ya mtoto akihadithia jambo lolote kwa dakika moja, iliyochukuliwa kwa idhini ya mzazi, iambatanishwe na barua hiyo.